Unga wa Ndani ya Kapsuli

Nyumbani walimwita Mpekuzi, na wala hawakumsingizia. Alishafungua redio, saa ya ukutani na hata pasi ya jirani, na kila akirudishia anabaki na skrubu moja mkononi. Leo Mpekuzi huyo amekaa mbele ya madaktari watatu, viganja vimelowa jasho, anaomba nafasi ya kusomea udaktari.

"Kwa nini unataka kazi hii?" akauliza mwenyekiti wa jopo, mama mtu mzima mwenye miwani.

Jibu alikuwa nalo. Wiki nzima alikuwa akilikariri bafuni: anapenda kusaidia watu. Akafungua mdomo, likatoka jingine.

"Nilitaka kuona kilichomo ndani," akasema.

Madaktari wakatazamana. Kurudi nyuma hakukuwezekana tena, akawasimulia.

Alikuwa na miaka tisa. Kaka yake mkubwa alikuwa na kifafa, na kapsuli mbili kwa siku zilitosha kukituliza. Kitoto hiki kikajiuliza ni kitu gani hicho chenye nguvu kiasi hicho. Kikazifungua kapsuli zote za chupa, kikamwaga unga kwenye karatasi, kikaunusa, kikauonja. Mama alipokohoa ukumbini, karatasi ikaenda chooni, na maganda matupu yakafungwa vizuri, yakarudi chupani.

Siku ya nne kifafa kilimshika kaka akiwa juu ya ngazi akipaka rangi ukuta, akaanguka. Jicho la kushoto halikupona. Baba aligomba mpaka sauti ikamkauka: lijitu zima linasahau dawa! Kaka akaapa kwamba alimeza, akaapa tena, kisha akaacha kuapa. Tangu siku hiyo, akifunga mlango hurudi kuutikisa, mara tatu, mara nne.

"Nataka nijue ninachokigusa," binti akamalizia. "Basi."

"Nyumbani wanajua?"

"Hapana. Mmejua ninyi tu."

Mwenyekiti akavua miwani. "Umeanza na watu wasiohusika, mwanangu."

Wakamwambia majibu yatatoka baada ya wiki mbili. Hata hakuyasikia vizuri. Woga wote ulikuwa umehamia nje, kwenye benchi la ukumbini, ambako kaka alikuwa akimsubiri na bahasha ya vyeti vyake mapajani.

"Vipi, mdogo wangu, wamekubana sana?"

Akamweleza palepale, amesimama, bila kujitetea hata kwa neno moja. Kisha akangoja kofi. Kwa kweli alilitamani.

Kaka aliiweka bahasha kando, juu ya benchi.

"Kwa hiyo nilimeza," akasema.

"Ulimeza, kaka. Kila siku ulimeza."

"Nilimeza." Akajifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. "Miaka kumi, mdogo wangu. Miaka kumi nadhani kichwa changu ndicho kibovu."