Mwanga wa Bi Harusi

Wema alikuwa anakata picha za pasipoti studioni kwake Ujiji pale Shangazi Scola alipoingia kutoka Mwandiga, simu mkononi. Simu ilikuwa na picha ya Joanitha, mchumba wa Alphonce, mtoto wa kaka yake Shangazi. Picha hiyo ilitakiwa kwenye bango la ukumbini.

“Mpunguze weusi,” alisema. “Ukoo wote unakuja. Sitaki aibu.”

Alipoondoka, Wema alimpigia Joanitha, waliyesoma naye darasa moja.

“Usinibadilishe, shoga yangu,” Joanitha alisema. “Nataka wanangu wakiiona picha hiyo wanijue bila kuambiwa.”

Wema aliiacha ngozi ilivyo. Kwenye kompyuta alifungua leya mpya, tabaka tupu la kupakia rangi, juu ya picha, akavuta rangi ya chungwa kutoka kona ya kushoto, kali begani, ikififia kidogo kidogo hadi kuishia shavuni, kama jua linavyofanya linapozama upande wa Kongo. Nyuma ya kichwa akaweka duara la njano, akalipunguza nguvu mpaka likabaki la kuhisi tu. Uso ulikuwa uleule, mweusi tii, ila sasa ulikuwa unawaka. Alimwogopa Shangazi, hilo halina ubishi, kwa hiyo bango alilipeleka mwenyewe na kulipigilia juu, mahali ambapo mkono wa Shangazi haufiki.

Kesho yake Joanitha aliamka anawaka. Chungwa begani, njano nyuma ya kichwa, kila kitu mahali pake. Mama yake alizima taa ya sebuleni, maana luku inakula pesa, akaendelea kuchambua mchele kwa mwanga wa bintiye.

Jioni alishuka Katonga kuosha sufuria ziwani. Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi imelala mchangani, kwani dagaa hufuata taa na mwezi ukiwaka taa hazina kazi. Dagaa walimfuata Joanitha. Walimjaa miguuni hadi sufuria ikakosa pa kuzama. Wavuvi wakaja na ndoo.

“Dada, kesho unakuja saa ngapi?” aliuliza mmoja wao, Meshack.

“Kesho naolewa.”

“Ah, hongera sana. Na keshokutwa?”

Siku ya harusi umeme ulikatika wakati wa kupakua chakula. Mshereheshaji alimwomba bi harusi asogee karibu na masufuria, na pilau ikapakuliwa bila kumwagika hata punje. Alphonce alionekana nusu tu, ile iliyokuwa upande wa mkewe, na nusu hiyo ilicheka mpaka jino la mwisho. Wema aliangalia bango, halafu akamwangalia Joanitha, akafurahi kuona ni mtu mmoja.

Shangazi Scola alivuta kiti hadi ubavuni mwa bi harusi. Sahani yake ilikuwa na mgebuka mzima, na miiba ya samaki huyo haichezewi gizani.

“Geuka kidogo, mwanangu. Nipe bega la kushoto.”

Joanitha akageuka. Shangazi alichambua mwiba mmoja mmoja, akala akashiba, akalamba vidole. Kisha akainua macho kwenye bango, akalitazama kwa muda, akamwita Wema.

“Kazi yako nzuri, mwanangu, sikufichi,” alisema. “Sasa huo weusi utaupunguza lini?”