Jina la Gurmeet

Namunyak alifika kisimani saa mbili asubuhi akakuta tangi limepakwa rangi mpya. Mahali ambapo akina mama wa upande huu wa Isinya walikuwa wameandika jina la Gurmeet Singh kwa mikono yao, sasa palisomeka: MRADI WA MHESHIMIWA LESIAMON. Aliigusa rangi, ikamganda kidoleni.

Alitia kufuli nyumba ya pampu, akaficha ufunguo chini ya shanga zake, akaketi mlangoni.

Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, na mwaka ule wa ukame hakuusahau. Pampu ilikuwa imekufa, ng'ombe wanaanguka njiani, na kila ofisi waliyobisha iliwaambia wangoje. Gurmeet, fundi wa pampu kutoka Kitengela, alipata habari akaja na lori lake bila kuitwa. Alikuwa mzee wa kilemba cha buluu na mdomo mchafu. Aliitukana ile pampu kwa Kimaasai kibovu mpaka watoto wakaangua kicheko. Siku tisa alilala chini ya lori. Mkewe alileta dengu na chapati, na watu wote, wanaume kwa wanawake, wakaambiwa waketi chini, mstari mmoja. Wazee wakakataa kula mbele ya wanawake.

"Basi angalieni huko," Gurmeet akawaambia, "lakini mstari ni mmoja."

Wakala wamegeuza migongo. Siku ya kumi maji yakatoka. Tangu hapo, kila pampu ilipokohoa alikuja, hadi mauti yalipomchukua mwaka jana.

Saa nne Lesiamon, mwakilishi wa wadi, aliwasili na msafara wake. Alikuwa amefungisha mabomba mawili mapya ya kuchotea maji, siku hiyo akija kuyazindua mbele ya watu, na kwa hayo mawili alitaka kisima kizima.

"Yeyo, mama yangu, fungua pampu," alisema kwa upole. "Watu wanangoja."

"Rudisha jina kwanza."

Alicheka, akawageukia watu. "Hiyo ni jina ya Kalasinga. Alikuwa mgeni tu hapa. Sisi tuko na watu wetu wa kuheshimu."

"Mgeni?" Namunyak akasimama. "Mgeni ni yule anakuja siku ya picha! Ng'ombe zako zilikunywa hapa, Lesiamon. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Umati ukaguna. Harjeet, binti yake Gurmeet, mwalimu aliyealikwa na Namunyak kwenye uzinduzi huo, alisogea akamnong'oneza, "Mama, wacha tu. Baba hakutaka jina. Hata mlipoliandika alikasirika."

"Najua. Yeye hakutaka. Sisi ndio tunataka."

Askari mmoja akajitokeza. "Mama, leta ufunguo."

Namunyak akajipiga kifuani. "Uko hapa. Njoo uchukue."

Askari akatazama chini. Wanawake walikuwa wameshainuka, wakaja mmoja mmoja kusimama mbele ya mlango, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyemgusa mtu.

Lesiamon akaamuru mabomba yake yang'olewe. Yaling'olewa kweli, yakatupwa nyuma ya gari, na msafara ukaondoka. Wanawake wakachukua mawe na visu wakaanza kuikwangua ile rangi kabla haijakauka. Harjeet alisita, akakunja mikono ya nguo yake, akajiunga nao. Alikuwa analia, lakini alikwangua kwa nguvu kuliko wote.

Mambo hayakuishia hapo. Tingatinga lililoahidiwa kutengeneza barabara halikuonekana msimu wote, na wapo waliomlaumu Namunyak hata kanisani. Mkwewe, Nick, alimwambia waziwazi, "Mama, umetuponza. Jina ya mtu mmoja tu, na yeye ameshakufa!"

"Nenda basi ukamwombe radhi Lesiamon," alijibu. "Mimi siendi."

Wiki moja baada ya maneno hayo aliitisha mkutano wa kamati, akasimama mbele ya wanaume waliokunja nyuso, akapendekeza Harjeet awe katibu. Alitaka kila anayekubali ainue mkono hadharani, yeye akimwona. Mikono kumi na mmoja ikainuka, mitano ikabaki mapajani.

"Tumemaliza," Namunyak akasema, akamvutia Harjeet kiti.