Upande wa Kushoto, Nyuma

Jumamosi asubuhi, ukungu ulipokuwa unainuka kwenye mashamba ya chai, mzee Ambwene wa Masukulu alikuwa amelala chali juu ya gunia, chini ya gari lake dogo la zamani. Gari lilikuwa limekalia magogo mawili ya mkaratusi. Matairi ya nyuma yameegemezwa kwenye mgomba. Alikuwa anatoa springi za nyuma, kwa sababu mkwe wake Happy alikuwa amebakiza wiki mbili ajifungue, na gari lililoinamisha matako halimfikishi mjamzito hospitali kwa barabara ile ya mawe.

Nati za shokapu zilikuwa na kutu ya miaka. Alizinywesha dizeli usiku kucha na asubuhi zikakubali. Akashusha ekseli kwa jeki. Springi ya kulia ikatoka kama jino la mtoto. Ya kushoto ikagoma. Ekseli ilikuwa inaning'inia, hakuna kitu kinachoikandamiza, lakini springi ilikuwa imebanwa, pingili juu ya pingili. Akaitia nondo. Nondo ikapinda.

Hii ilikuwa jozi ya tatu ndani ya miaka mitatu. Kila jozi ilikuwa inalala upande uleule.

Mama Elisha, mkewe, alimpigia simu fundi Jotham wa Ibighi. Jotham akaja na bodaboda, mfuko wa spana begani, akamsalimia mzee kwa kumwita tata, yaani baba, akachuchumaa. Alipima kwa vidole. Akaigonga springi akasikiliza, kama mtu anayegonga mlango. Kisha akasimama, akachungulia dirishani.

"Tata, mbona hujamshusha abiria?"

"Hakuna abiria."

"Yupo. Kiti cha nyuma, kushoto. Mama kijana, mjamzito. Ana beseni la bluu mapajani, ndani kuna kanga na glavu."

Mzee Ambwene alitoka chini ya gari, akajifuta mikono, akaugeuzia uso wake migombani. Hakuwa na hofu. Mwanamume hamtazami mkwe wake.

Yule alikuwa Prisca, mke wa kwanza wa mwanawe Elisha. Kwa desturi ya huku, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso. Baba anakohoa kabla ya kupinda kona ya jiko, mkwe anajificha. Wengi wameshaiacha tangu kanisa lijae, lakini mzee Ambwene ni mtu anayemaliza anachokianza. Miaka mitatu nyuma Prisca aliposhikwa na uchungu, Elisha alikuwa Chunya machimboni, kama alivyo hata sasa. Gari lilikuwepo, limejaa mafuta. Dereva pekee nyumbani alikuwa baba mkwe. Prisca akaambiwa asubiri, akaitwa Fred wa Ibighi aje kuendesha. Fred alifika saa tatu baadaye. Wakati huo wanawake walikuwa wameshambeba Prisca kwenye machela, na walikuwa wameshamweka chini, pembeni mwa chai. Kwenye mazishi mzee wa kanisa alimsifu Ambwene kwa kushika heshima.

Tangu siku ile mzee alikigeuza kioo cha ndani ya gari kikatazama paa. Na akina mama aliowapa lifti ya kanisani walikuwa wanabanana kulia, watatu mahali pa wawili, bila mtu kuuliza.

"Springi haiwezi kutoka kama ameikalia," Jotham alisema. "Mwambie ashuke."

"Mimi sisemi naye. Ni mkwe."

"Sasa atasema nani, mimi? Hanijui."

Akaitwa Mama Elisha. Alikuja na unga mikononi, akainama dirishani, akaongea kwa Kinyakyusa, polepole, kama unavyoongea na mtu aliyesinzia. Kisha akageuka.

"Anasema atashuka hospitali. Anasema aliambiwa asubiri gari."

Jotham akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa kupenda kujua. Alikuwa amewahi kufungua injini akakuta kiota cha panya, na tangi la mafuta akakuta pete ya ndoa, na kila mara aliuliza kimefikaje.

"Tata, nikuulize. Dereva anatazama barabara, hatazami nyuma. Kwa nini hukumpeleka?"

"Gari lina paa," mzee aliiambia migomba. "Lina milango. Kitu chenye paa na milango ni nyumba. Mimi na mkwe wangu hatukai nyumba moja."

"Na pikapu?"

"Pikapu ni sawa. Anakaa nyuma, hakuna paa."

"Basi ungenunua pikapu."

"Nilipata hili."

Jotham akairudisha springi ya kulia, akafunga nati na matairi, akalishusha gari kutoka kwenye magogo. Akaomba ufunguo. Mama Elisha akakaa mbele, na wakaondoka kwenda hospitali wakiwa wamelalia kushoto.

Happy alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko, mkono kiunoni. Aliwaona wakirudi kabla ya saa saba. Gari lilikuwa limeinua matako kama bata.

"Ameshuka?" alimuuliza mama mkwe wake.

"Ameshuka getini. Nesi kamwuliza kadi ya kliniki, anayo. Akatuambia tumechelewa. Kamwonyesha benchi."

"Alisubiri muda gani, mama?"

"Mpaka leo."

Happy akaingia ndani, akalitoa beseni lake chini ya kitanda, la kijani, akaanza kukunja upya kanga zake.

Springi ya kushoto ilitoka kwa mkono mmoja. Jotham aliigeuzageuza juani. Haikuwa na ufa, haikuwa imechoka, ilikuwa nzima kabisa. Hata hivyo alifunga mpya mbili, akapaka grisi kwenye nati.

"Safari hii hazitakusumbua kutoa," alisema. Akatazama jikoni, akashusha sauti. "Lakini tata, siku yake ikifika, nani ataendesha?"

"Fred."

"Fred akikosekana?"

"Fred yupo. Nina namba yake."

"Basi kile kioo cha ndani ukigeuze vizuri. Trafiki wa Tukuyu wanakamata."

Mzee alisema sawa. Hakukigeuza.

Uchungu wa Happy ulianza Jumanne ya wiki ya pili, saa tisa alasiri, mvua ikinyesha. Mzee Ambwene alikohoa, Happy akasogea nyuma ya pazia, mzee akapita, akaufungua mwenyewe mlango wa nyuma wa kushoto na kuuacha wazi. Kitu hicho hakukifanya siku ya Prisca, na Mama Elisha alikiona. Kisha akaenda kusimama migombani chini ya jani pana, ufunguo kwenye mfuko wa shati, akapiga simu. Fred alikuwa Lupepo, msibani. Alisema anakuja wakishazika tu.

Happy akatoka na beseni lake, akaketi, akafunga mlango. Springi mpya zilishuka vidole viwili upande wa kushoto, kama springi nzima inavyotakiwa. Mzee aliziona kutoka pale alipokuwa. Alizitazama springi tu.

Mvua iliongezeka. Saa moja ikapita. Mama Elisha akaja na kanga kichwani, akagonga kioo, akauliza kama asingependa kushuka ajinyooshe kitandani kwanza.

Happy akasema hapana, atashuka hospitali.

Kule migombani mzee Ambwene akakohoa, ili wajue yupo.