Maji ya Semra

Bibi harusi alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti, ndugu zake wamemshika huku na huku, na tarumbeta la Girdhari lilikuwa bado halijalia.

Alilipeleka mdomoni, akavuta pumzi. Pumzi ikafika kooni ikagoma hapo, kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Akajaribu tena. Kilichosikika ni mluzi mwembamba, na haukutoka kwenye tarumbeta. Ulitoka kifuani.

Munne Khan, mpiga ngoma kubwa na mkuu wa bendi, akamwashiria mtu wa zumari auchukue wimbo wa kumuaga bibi harusi. Ukapigwa vibaya, lakini ukapigwa. Mama mtu alilia vilevile. Watu hawalilii tarumbeta.

Girdhari aliketi chini ya ukuta, vifungo vya sare nyekundu vimefunguliwa, akatoa pampu yake ya pumu, akajipulizia. Munne akaja kusimama mbele yake, ngoma ingali inaning'inia shingoni.

"Harusi ya juzi hivi, ya leo hivi. Vipi, kaka?"

"Baridi. Na huu ukungu."

"Ukungu gani? Jana jioni umetembea ubavuni mwa jenereta, moshi wote unaingia puani mwako. Fataki zimepasukia miguuni. Yule farasi wa bwana harusi amekutimulia vumbi la mji mzima. Ulikohoa? Ulipiga mpaka vibabu vikacheza. Leo asubuhi hewa safi, wimbo mmoja wa polepole, unataka kunifia."

"Pumu haina adabu."

"Yako ina masikio. Inachagua nyimbo." Munne alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sugna hajambo?"

Girdhari akaanza kufunga vifungo.

Sugna alikuwa mtoto wake wa pekee. Alimwoza msimu uliopita kijiji cha Semra, ng'ambo ya mashamba ya haradali, na bendi hii ndiyo iliyomtoa. Baba mtu alipiga tarumbeta mwenyewe, maana hakutaka mwingine aukosee wimbo ule. Utotoni Sugna alikuwa na pumu kama yake. Alipofika umri wa kujisuka nywele mwenyewe ikamwacha, wakaisahau. Sasa kila akipiga simu alisema, "Niko salama, baba," na nyuma ya maneno hayo Girdhari alisikia mluzi. Kabla hajauliza, simu ilikuwa imekatwa. Mkewe alisema ni maua ya haradali tu, na kwamba binti akishatolewa ametolewa. Kwenda kumchungulia ni kumharibia. Girdhari alikubali kwa mdomo. Lakini kifua chake na cha mtoto vilitoka tanuri moja. Mluzi wa vumbi aliujua, na ule wa hofu aliujua pia.

"Nenda ukamwone," Munne alisema.

"Jioni tuna kazi."

"Jioni nitamtanguliza mtu wa zumari. Atatutia aibu, lakini aibu haiui. Mpiga tarumbeta asiyepumua nimfanyie nini, nimbebe mgongoni? Nenda, mzee."

Akapanda basi na suruali ya bendi, mstari wa dhahabu pembeni, koti ameliviringisha kwapani. Kutoka barabarani alitembea juu ya matuta ya mashamba, akipumzika kila baada ya kipande.

Ramkali, mama mkwe wa Sugna, alikuwa akibandika mikate ya mavi ya ng'ombe ukutani ikauke iwe kuni. Alimwona, akajifuta mikono.

"Karibu, mkwe. Umekuja peke yako au bendi iko nyuma?"

"Peke yangu."

"Hiyo suruali inanitia wasiwasi."

Sugna alitoka ndani, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi, akainama kumgusa baba yake miguu. Kabla hajaona kama amekonda au hakukonda, Girdhari alimsikia. Kifua cha mtoto kilikuwa kinaimba.

"Pampu yako iko wapi?"

"Iliisha."

"Mbona hukusema?"

Sugna akamtazama mama mkwe wake.

"Tulimwambia asiizoee," Ramkali alisema. "Na usinitazame hivyo, mkwe. Jiko nimelitoa nje kwa ajili yake. Blanketi za sufu nimezifungia. Mbuzi nimemuuza, mbuzi wa maziwa. Bado anakoroma. Nitoe nini tena, paa?"

Hakuwa akisema uongo. Jiko lilikuwa nje, na kwenye kigingi cha mbuzi palikuwa na kamba tupu. Girdhari alimpa mtoto pampu yake mwenyewe, na Ramkali akaenda nyuma ya nyumba kuchota mavi mengine.

Wakabaki wawili. Baba juu ya kitanda cha kamba, Sugna chini, mgongo umeegemea mguu wa kitanda. Sugna aliuliza habari za mama. Alisema ndama amezaliwa na doa jeupe usoni, anaonekana kama amejipaka unga. Halafu akaigusa suruali ya bendi, akacheka. Jirani alikuwa anapepeta ngano na makapi yalipeperuka hadi uani, yakatua kwenye nywele zao. Pumzi ya Sugna ikashuka, ikatulia, hata Girdhari akaacha kuisikia.

Kwa mbali, upande wa matuta, pikipiki ililia.

Girdhari hakuitilia maanani. Kifua cha Sugna kiliitambua kabla yake. Mabega yalipanda. Mluzi ukarudi, mwembamba kwanza, kisha wa kukwaruza. Alisimama, akavuta ushungi, akachukua ufagio, akaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa.

Dinesh, mumewe, aliegesha pikipiki, akaja akainama kwa mkwe wake kwa heshima zote. "Baba, ungepiga simu ningekufuata kituoni. Unatembea juani na kifua hicho?" Alizungumza vizuri. Kisha, bila kugeuza kichwa, na kwa sauti ya chini kabisa, akamwambia mkewe, "Bado unafagia?"

Basi. Lakini mkono wa Sugna ulikuwa umeganda juu ya ufagio, na Ramkali, aliyekuwa amerudi, alitazama pembeni kama mtu anayejua kinachofuata wageni wakiondoka.

Girdhari alitaka kusema jambo. Alifungua mdomo, na kifua kikafunga mlango. Akainama mbele, akashika magoti, akiitafuta hewa iliyokuwa imejaa uani. Sugna alitupa ufagio, akamletea pampu. Akapuliza. Akangoja. Akapuliza tena. Polepole pumzi ikaanza kupita.

Alipoinua kichwa, Sugna alikuwa amesimama mbele yake na bilauri ya chuma yenye maji.

"Umerukwa na akili?" Ramkali alisema. "Unampa baba yako maji hapa?"

Baba wa msichana hanywi maji ya nyumba alikomwoza. Baba yake Girdhari, akienda kwa dada zake, alibeba maji ya kwake, hata kisima cha kijiji kizima hakukigusa. Kilichotolewa kimetolewa. Anayekunywa amesema hakutoa kitu.

"Rudisha ndani," Dinesh alisema. "Baba amepata nafuu."

Ni kweli, alikuwa amepata nafuu. Angeweza kutikisa kichwa tu, na heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake.

Akaichukua bilauri. Akanywa, bila haraka, mpaka akaona kitako cha chuma, akamrudishia.

"Mkwe." Sauti ya Ramkali sasa haikuwa na mzaha. "Unajua ulichofanya?"

"Najua."

"Jirani ameona."

"Na aone."

Dinesh alizichezea funguo za pikipiki kiganjani. Sugna aliishika bilauri kwa mikono miwili, haikuwa na kitu ndani, lakini aliishika kama inaweza kumwagika.

"Kuna basi la jioni," Girdhari alimwambia. Alikuwa na mengine ya kusema, ila pumzi aliyokuwa nayo ilitosha hayo.

Sugna akageuka, akaingia ndani.

Hakuna aliyemfuata. Dinesh alikwenda kuketi juu ya pikipiki, hakuiwasha. Ramkali alijivutia ungo wa dengu mapajani, akaanza kuchambua. Huko ndani kitu cha chuma kiligonga kitu. Huenda ulikuwa mfuniko wa sanduku lake la nguo. Huenda ilikuwa bilauri inarudi rafuni. Girdhari alitega sikio, na vidole vya Ramkali vikaendelea kwenda mbio, vikitupa mawe na dengu upande mmoja.