Nyuki Kifuani mwa Silvester

Asubuhi Goreth alifika kituoni na sufuria ya ugali na maharage, akakaa kwenye benchi, akamega tonge, akalila mbele ya askari. Ndiyo desturi: anayeleta chakula cha mahabusu anakionja kwanza, ili mtu akifa isionekane ni serikali. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, nje ya mji wa Mpanda, njia ya Inyonga. Siku hizi kimebomolewa, na aliyekibomoa hakulia.

"Mama, mumeo kaingiwa na nyuki," askari alisema.

"Wamemwingia wapi?"

"Kifuani."

"Nyuki wadogo au wakubwa?"

"Wakubwa."

"Basi msije mkamfukiza moshi. Ana pumu."

Silvester alikuwa mrina asali wa Inyonga. Mizinga yake aliitundika msituni tangu ujana, kila mmoja kauchonga alama yake, na mzinga wenye alama ya mtu mwingine haugusi. Mwaka 1995 wakubwa walisogeza mpaka wa hifadhi. Mizinga, kwa kuwa haina miguu, ilibaki palepale. Silvester akaenda kurina kama miaka yote, akakamatwa na ndoo yake mkononi.

Nyuki walimngoja mwenye mizinga. Walipoona harudi wakamfuata, wakapita dirisha la mahabusu, wakamwingia mdomoni alipokuwa akikoroma, wakaanza kazi. Tangu hapo kila kukicha asali ilimtoka sikio la kushoto, nzito, nyeusi kidogo. Askari waliikinga kwa kikombe, wakaitia kwenye chai, maana sukari ilikuwa imepanda. Hakimu alikuwa bado anangoja mahakama ipate karatasi ndipo aisikilize kesi. Wakati anangoja, naye alipelekewa chupa.

Basi ukaja mpango wa kubadilishana waandishi wa habari, kati ya Tanzania na nchi moja huko ambako watu huvaa soksi mbili mbili na ng'ombe hulala ndani. Aliyetangulia kwenda huko alikuwa Kasimu, mwandishi wa Dar es Salaam. Akaishi huko, akaandika makala ndefu juu ya ngazi zinazopanda zenyewe, akarudi na koti zito. Koti hilo alilivaa Mpanda mwezi wa kumi, jasho likimchuruzika kama anatubu. Sasa ilikuwa zamu ya mwenzake wa huko, Bwana Henning, mtu mrefu, mpole, pua inababuka kwa jua. Wakashuka kwenye treni, wakauliza yuko wapi mtu wa nyuki.

Zaitun, aliyekuwa na genge ng'ambo ya kituo cha polisi, alimvuta Goreth pembeni.

"Shoga, hao ndio wenye redio. Ukiwaambia leo, kesho waziri kasikia. Vaa kitenge chako cha kanisani. Na usilie! Ukilia watakupiga picha tu."

Goreth akavaa kitenge. Hakulia.

"Baba," alimwambia Kasimu, "ile mizinga ni ya kwake. Mpaka ndio umehama, yeye hajahama. Semeni hivyo tu redioni nyie, wamwachie."

"Nimekuelewa, mama yangu," Kasimu alisema akijipangusa shingo. "Lakini mpango wetu ni wa urafiki. Mambo ya mipaka yana watu wake."

"Watu wake ndio waliomfunga."

Kasimu akamtafsiria mgeni, maneno machache. Bwana Henning akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza nyuki hao wanapenda maua gani.

Mahabusu ikafunguliwa. Silvester akapandisha shati, na Bwana Henning akaweka maikrofoni kifuani kwake, taratibu kama daktari.

"Hawaniumi," Silvester alisema. "Nataka kwenda nyumbani."

Kila neno lilitoka na nyuki wake, akazunguka kidogo, akarudi ndani. Goreth aliyaona yale maneno yakiingia kwenye mashine, akashusha pumzi.

"Vizuri, mzee," Kasimu alisema. "Sasa nyamaza kidogo, tuwapate nyuki wenyewe."

Baadaye ilinywewa chai. Bwana Henning alikisifu kituo, akasema kwao si rahisi mwandishi kuingia mahabusu namna hii. Mkuu wa kituo akajibu kwamba hapa milango iko wazi kwa wageni wote.

Habari ilitangazwa Jumapili. Watu walijaa gengeni kwa Zaitun kuisikiliza. Kwanza zikalia ngoma ambazo si za Mpanda. Kisha nyuki wakavuma, safi kabisa. Kisha sauti ya Kasimu ikasema kwamba mfugaji mmoja wa Inyonga ameamua kuishi na nyuki wake chini ya uangalizi wa serikali.

"Ameamua!" Zaitun alisema. "Na mkewe ameamua kuwa mjane, au siyo?"

Mahali ambapo Silvester alisema anataka kwenda nyumbani palipigwa gitaa.

Jumatatu Goreth alimwendea mkuu wa kituo.

"Karibu, mama, umekuja wakati mzuri," mkuu alisema. "Karatasi za mahakama zimefika, na hakimu haoni kosa kubwa. Tungemwachia leo."

"Mwachieni basi, afande."

"Hapo ndipo pagumu. Huko kwao Henning habari wameipenda mno. Mwakani wanakuja waandishi wengine, basi zima. Ratiba imeshapigwa chapa: siku ya pili, chai na mtu wa nyuki. Tukimwachia, wageni wa watu watakunywa chai na nani?"

Goreth akachungulia. Ndani mafundi walikuwa wanapaka ukuta chokaa. Walimwomba Silvester asogee kidogo, wasije wakawachafua nyuki. Akasogea.

"Na mlango je?" Goreth aliuliza.

"Kuhusu mlango usiwe na wasiwasi, mama," mkuu alisema. "Tutaupaka bluu."