Mwanakondoo wa Miguu Mitano

Niseme ukweli mapema: milima siipendi, ngazi sizipendi, na viatu vya kubana ndiyo kabisa. Lakini Jumamosi ile nilipanda mlima, tena kwa ngazi, tena na viatu hivyohivyo, kwa sababu dada yangu aliniomba. Na dada yangu hajawahi kuniomba kitu.

Jicho lake la kulia limeshakufa kwa presha ya macho. La kushoto lilikuwa lipasuliwe Jumatatu, na daktari hakumficha: linaweza kupona, linaweza kuzimika moja kwa moja. Nikamwambia, "Dada, sema unataka kuona nini kabla ya Jumatatu, nami nitakupeleka." Nilidhani atataja wajukuu. Akasema, "Nipeleke kule mlimani, kwenye mji wa kanisa la zamani. Kuna kitambaa cha altare nataka kukiona."

Kitambaa! Mimi ni fundi cherehani, jamani, nalala na vitambaa, naamka na vitambaa. Nikafungua mdomo nibishe, nikaufunga. Huyu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miezi mitatu, dada akiwa na miaka kumi na sita, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hukohuko mlimani, kwa masista, akitarizi vitambaa vya kanisa na mimi nikiwa mgongoni. Kabla mwaka haujaisha aliacha kazi ghafla, akateremka, hakurudi tena. Sababu hakuisema, na mimi kwa uzembe wangu sikuwahi kuuliza.

Basi lilitushusha chini ya lango. Mji wenyewe mzuri, sitaki kuusingizia: kuta za mawe, vichochoro vilivyofagiwa, misalaba midogo juu ya milango, maduka ya rozari na mishumaa. Dada alinishika mkono akipapasa kila ngazi kwa mguu kabla ya kukanyaga. Mimi nilikuwa nazilaani ngazi zote, na aliyezijenga pia.

"Punguza mdomo, upate pumzi," akaniambia.

Kwenye duka la kwanza nikaona kibao chenye picha ya mwanakondoo. Nikamkagua kwa jicho la fundi, nikaangua kicheko.

"Dada, haya ni maajabu! Aliyemchora huyu kampa miguu mitano."

Akasimama. "Mingapi?"

"Mitano! Na yule wa kwenye mshumaa, mitano. Na pale kwenye bendera ya kanisa, mitano vilevile! Mji mzima hawajui kuhesabu? Huyo fundi wa kwanza alikuwa amelewa nini?"

Hakucheka. Akakaa palepale kwenye ngazi, watu wakitupita.

"Hakuwa amelewa," akasema. "Alikuwa na mtoto mgonjwa."

Nikakaa kando yake. Ndipo aliponisimulia. Kitambaa kilikuwa cha sikukuu ya kanisa, na Sista Mkubwa alikuwa amempa siku tatu. Siku hizohizo tatu mimi nikashikwa na homa. Alitarizi bila kuchora, kwa kukadiria tu, na kitambaa kilikuwa kimeviringishwa kwenye fremu, kwa hiyo aliona kipande kidogo kwa wakati. Anashona kidogo, nalia. Ananyanyuka, ananipa maji, ananikanda, ananibembeleza, anarudi. Mara ya mwisho aliporudi hakukumbuka kama mguu wa nyuma ameshaushona. Akaushona.

"Asubuhi ya sikukuu wakakitandika altareni, kanisa limejaa. Nikahesabu miguu. Nilikubeba nikateremka mlima kabla misa haijaisha. Miaka thelathini na tisa najiuliza kama walikichoma, na kama walinisamehe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba uliumwa? Mtoto kuumwa ni kosa?"

Nilimwinua, na ngazi zilizobaki nilizipanda bila kuilaani hata moja. Viatu hata sikuvikumbuka.

Kwenye sakristia, chumba cha mavazi ya mapadri, tulimkuta mzee anayekitunza, funguo zimening'inia kiunoni. Nilimwambia tunatafuta kitambaa cha zamani cha mwanakondoo. Akavuta droo pana, akakunjua nguo nyeupe iliyoanza kuwa ya manjano.

"Hiki ndicho cha kwanza," akasema. "Masista walitaka kuufumua huu mguu wa ziada. Sista Mkubwa, Mungu amrehemu, alikataa katakata. Alisema aliyekishona alikuwa na mikono miwili akifanya kazi ya minne, na mguu usiguswe. Kila sista mpya alijifunza kutarizi kwa kunakili hiki, mguu kwa mguu, na wachoraji wa mjini wakawaiga. Wageni tunawaambia mguu wa tano ni wa kuwakimbilia waliopotea."

"Mnawadanganya!" nikaropoka. Dada akanifinya.

Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa, jicho lake la kushoto juu ya nyuzi, kidole kikitambaa polepole. "Mmoja. Miwili. Mitatu. Minne." Kidole kikasogea tena. "Na huu hapa."

Mimi nimeshona miaka ishirini, mshono wa haraka naujua nikiwa mbali. Nilitafuta dalili ya haraka kwenye mguu ule, sikuiona. Kila tundu la sindano lilikuwa mahali pake, na kati ya tundu na tundu msichana wa miaka kumi na sita alinyanyuka kuja kwangu, akarudi. Machozi yalinitoka mbele ya yule mzee, wala sikuona haya.

"Dada," nikasema, "asante. Kwa maji yale, na kwa yote. Nimechelewa sana kusema."

"Hujachelewa, nakusikia." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Kitambaa nimekiona, na Sista nimemsikia. Sasa nenda pale dirishani penye mwanga, nikuone wewe."

Nikasimama dirishani, mikono imening'inia kama mtoto anayepimwa sare. Alinisogelea, akanikagua taratibu kutoka kichwani hadi kwenye kola, kutoka kola hadi kifuani, hakuruka mahali.

"Kifungo cha pili kimelegea," akasema. "Na unajiita fundi. Kaa hapo, nikushonee."

Yule mzee akaleta sindano na uzi. Uzi dada alijitungia mwenyewe.