Nyota Aliyoninyima Mzee Shekigenda

Siku hiyo nilijitupa kitandani alasiri nimefura kwa hasira, na anayelala amefura asitegemee kuota bustani. Kitanda chenyewe kilikuwa cha wageni, katika chumba cha uani ambacho mimi, Bi Mishi wa Chuda, hapa Tanga, nawapangisha kwa siku mbili tatu watu wanaokiona kwenye simu. Mnajua mambo haya yalivyo: mgeni akiondoka anakupa nyota mtandaoni na maneno mawili matatu, na wewe mwenyeji unampa zake, na kila ajaye nyuma anasoma kwanza kabla hajagonga mlango. Nilikuwa na nyota tano kavu, na cheo cha Mwenyeji Bora chini ya picha yangu, mpaka alipokuja Mzee Shekigenda wa Soni, seremala mstaafu, amemleta mkewe hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Wageni wazuri wale, Mungu shahidi! Chumba walifagia wenyewe, mzee akanigongomelea kiti kilichokuwa kinayumba, na siku ya kuondoka yule mama, jicho lake limefungwa bandeji, akanishika mkono hataki kuniachia. Nikasema moyoni, hapa nyota tano zangu. Asubuhi nafungua simu naona nne! Na chini yake mzee kaandika: "Chumba kizuri, mwenyeji ana moyo. Kizingiti cha bafuni ni kirefu, wenye macho mabovu waangalie. Nyota ya tano nimemwachia Mwenyezi Mungu, maana ukamilifu ni wake peke yake."

Jamani! Mashine inajua nini habari za Mwenyezi Mungu? Ilichojua ni kwamba nimeshuka. Kabla ya adhuhuri cheo changu kilikuwa kimeng'olewa na picha ya chumba changu imesukumwa nyuma kabisa, huko wanakokaa watu wasiofua mashuka. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba kabla yao walikaa vijana wawili wa kutoka Dar, mtu na mchumba wake, wakaniunguzia sufuria, wakang'oa bomba, wakaondoka na mashuka yangu ya harusi, na hao ndio walioniandikia "Kama nyumbani! Tutarudi!" na nyota tano na kopakopa nyekundu. Nami nikawapa tano zao, nikaandika "wageni wastaarabu", maana nani anataka ugomvi? Basi nikampigia mzee simu nikampasulia. Nikamwambia ametia kitumbua changu mchanga, na kama alitaka kumpa Mungu kitu angekwenda kutoa sadaka, asitoe nyota yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Nimekusikia, mwanangu," na upole ule ukaniudhi kuliko matusi. Nikakaa kuandika zamu yangu juu yake: wachafu, wagomvi, wameharibu kiti. Nilijua mwezi ujao wanarudi kwa jicho la pili, na nilijua kwamba kwa maneno yale hakuna mwenye chumba Tanga nzima atakayewafungulia mlango. Imebaki kubonyeza. Nikasema ngoja nijinyooshe, nitulize kichwa, nitabonyeza nikiamka, na simu ikiwa kifuani usingizi ukanichukua.

Nikajiona niko mbele ya lango la mji nisioujua, mji mweupe unaong'aa mpaka macho yanauma, na kila mlango umepigiliwa nyota tano za bati. Mlinzi wa lango alikuwa mzee mwembamba, Woga jina lake, anatetemeka kama aliyetolewa mtoni. Hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza, "Umesifiwa na nani?" Nikamtajia wale vijana wa Dar, akafurahi, akanivika kichwani kilemba, nami nikapita. Ndani nikaona watu wote wamevaa vilemba kama changu, na nilipokigusa nikagundua ni majani, ni kilemba cha ukoka, na nyuma ya kila mtu anafuata mbuzi anamchungulia kichwa anangoja nafasi. Katika mji ule hakuna hujambo wala shikamoo. Wakikutana, mmoja anasema "Nisifu," na mwingine anajibu "Nisifu nawe," kisha wanapakana mafuta kwa mgongo wa chupa mchana kutwa, na hakuna ngozi iliyolainika.

Akanijia mwanamke wa makamo amejitanda kanga safi, ananukia udi, mwendo wa taratibu, akaniambia yeye ni Bi Staha na atanitembeza. Nilipomsikia akisema nilimpenda, maana ni sauti ya mama zetu. "Mimi, mwanangu," alisema, "ndiye niliyewafundisha watu wa pwani kutomwambia mgeni kwamba amekula sana, na mgeni kutomwambia mwenyeji kwamba chumvi imezidi. Kazi hiyo niliifanya pamoja na kaka yangu Ukweli. Mimi nilikuwa nabisha hodi, yeye anaingia. Neno lake zito nililivika nguo, lakini neno lilikuwepo. Siku hizi ananikodi kila mtu peke yangu, nabisha hodi na hakuna anayeingia nyuma yangu." Nikamuuliza kama ataniongoza kwa mwenye nyota, nipewe yangu ya tano niende zangu. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Twende ukaone vinavyotembezwa."

Tukaingia nyumba ya kwanza, na nje ilikuwa imepakwa rangi ya kupendeza, lakini ndani paa lilikuwa linavuja na mwanamume ameketi juu ya godoro lililolowa, maji yanamtiririka usoni. Anaandika ukutani, "Pazuri mno." Nikamwambia, "Wewe baba, huoni unavyolowa?" Akanikonyeza nishushe sauti. "Mwenye nyumba naye yuko chumba cha pili anaandika habari zangu," alisema. "Nikisema paa linavuja, atasema mimi mwizi, na mimi safari yangu bado ndefu." Nikachungulia chumba cha pili, na kweli mwenyeji alikuwepo, mguu wake umevunjika kwa kiti alichotupiwa na mgeni yuleyule, naye anaandika, "Mgeni mstaarabu." Nilicheka, nikidhani nawacheka wao. Bi Staha hakucheka.

Mwisho wa barabara palikuwa na duka zuri kuliko yote, na ndani yake kijana mtanashati, shati limenyooka, ulimi wa asali. Alininyanyukia, akanivutia kiti, akasema, "Karibu mama Mishi. Mimi Kisasi." Nikashtuka, maana nilimtegemea mtu wa mapanga na macho mekundu. Akatabasamu. "Watu wanadhani baba yangu ni Hasira. Hasira ni jirani tu, anakuja na kuondoka. Mimi mtoto wa Woga, yule wa langoni. Mgeni anakusifu kwa kuniogopa mimi, nawe unamsifu kwa kuniogopa mimi. Mji wote huu nimeujenga mimi, na sijainua hata tofali moja." Kisha akaanza kuyasoma kwa sauti maneno niliyomwandikia Mzee Shekigenda: wachafu, wagomvi, wameharibu kiti. Alivyoyasoma yalikuwa matamu, nami nikaona fahari, Mungu anisamehe. "Kazi safi," alisema. "Lakini mama, ukimuumiza atabaki na nne zake. Kwa nini usimfundishe aseme tano? Yupo mmoja huko nje ya mji ana ugonjwa huohuo. Twende tukamtibu." Bi Staha akanishika kanga, akaninong'oneza, "Usiende naye, mwanangu. Mtu anayekutajia kasoro yako mbele yako anakuamini kwamba hutamdhuru. Ukimdhuru kwa hilo, hatakutajia tena wewe wala mwingine." Nikamsukuma. Nilisema, "Wewe bibi niache, hukunyang'anywa wewe!"

Tukatoka kundi zima, mbuzi wetu nyuma, mpaka kwenye kibanda kilichojengwa karibu na jalala. Mlangoni pamepigiliwa nyota nne, na mahali pa tano pameachwa wazi. Mzee alikuwa ameketi kizingitini, kichwa kitupu bila kilemba, anachonga mpini wa jembe, na Bi Staha akasema kwa sauti ya kulia, "Huyo ndiye kaka yangu." Nikamkabili. Nikasema, "Mzee, toa ya tano!" Akaniinulia macho, akajibu, "Hiyo si yangu nikupe." Kundi likamzunguka. Hawakumpiga, wangempiga ingekuwa afadhali. Walimwambia kwa zamu, kila mmoja kwa upole, kwamba watoto wake watakosa pa kulala, kwamba kisima watamfungia, kwamba mkewe atakapougua hakuna atakayempokea. Na mimi nilikuwemo. Mimi ndiye niliyesema hilo la mkewe. Mzee akaweka chini mpini, na alipofungua kinywa ilitoka sauti nyembamba isiyo yake: "Tano." Tukapiga vigelegele. Kisasi akamvika kilemba cha ukoka kwa mikono yake miwili, na mbuzi mmoja akaja akasimama nyuma ya mzee akingoja.

Vigelegele havijaisha, akatokea barabarani mwanamke msafiri, jicho moja limefungwa bandeji, anapapasa kwa fimbo. Alipita watu wote wa mji bila kuwauliza kitu, kama aliyekwishaonywa, akamwendea mzee moja kwa moja. Akasema, "Baba, nimeambiwa wewe husemi uongo. Nimechoka, wala sioni vizuri. Nyumba ipi hapa ni salama nilale?" Mbele yetu palikuwa na nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma nilikuwa nauona unameguka udongo. Mzee akaitazama ile nyumba, akatutazama sisi, macho yake yakakutana na yangu. Akainua mkono akaionyesha ileile. "Pazuri mno," alisema. "Nyota tano." Yule mama akashukuru, akaomba Mungu amlipe, akaenda akipapasa mpaka mlangoni. Nikataka kupiga ukelele kwamba asiingie, na kinywani mwangu kikatoka "Pazuri mno! Pazuri mno!" Akavuka kizingiti, na dari ikaanza kushuka.

Niliamka nimelowa jasho, jua bado liko ukutani, na watoto wa jirani wanacheza rede nje. Simu ilikuwa imeteleza ubavuni, maneno yangu bado yapo, hayajabonyezwa. Nikayafuta yote, herufi kwa herufi. Na nilipokuwa nafuta mambo yakanipambazukia. Nimesoma maoni ya wageni miaka yote hii, nayatazama asubuhi kabla sijanywa chai, na katika yote hayo mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia jambo ambalo sikulijua kuhusu nyumba yangu mwenyewe. Wengine tulikuwa tunaogopana tu. Wale wezi wa mashuka walinipa tano, na mimi kwa tano zangu nimewatuma kwa mwenzangu mwingine wakabebe yake, na yeye atawapa tano. Halafu yule aliyenipenda kiasi cha kuniambia kweli, huyo ndiye niliyempigia kelele. Nikasema, Mishi, mpigie mzee wa watu umwombe radhi, na nne zake zikae hapo hata zikining'oa kabisa.

Kabla sijabonyeza jina lake, simu ikalia ujumbe. Mtandao ulikuwa unanipongeza, maoni ya mgeni yamebadilishwa, nyota tano. Chini yake mzee kaandika, "Chumba hakina kasoro yoyote." Na ujumbe mwingine ukafuata kutoka kwake mwenyewe: "Bi Mishi, mjukuu wangu amenionyesha namna ya kurekebisha. Nisamehe kwa ujinga wangu. Tafadhali mwezi ujao usitunyime chumba, mama yenu jicho la pili limekuwa baya."

Niliona uchungu ambao hata tusi lisingenipa. Nikampigia palepale. Akapokea mara moja, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi. Nikamwamkia vizuri, nikamwambia chumba ni chake na mama, waje wakati wowote. Akanishukuru mno, mno kupita kiasi. Nikasema, "Mzee wangu, nikuulize jambo na usinifiche. Leo nilipokupigia, nilikuvunjia heshima, sivyo?"

Nyuma yake nikamsikia mkewe anauliza, "Anasemaje? Bado amekasirika?"

"Aa wapi, mama," mzee akaniambia. "Ulisema vizuri sana."